Kutoka Kusini hadi Mlimani: namna ya kusoma shahada ya sanaa za maonyesho

Mwongozo huu ni wa kijana wa Mtwara au Lindi anayekaribia kumaliza kidato cha sita, au mwenye stashahada tayari, na moyo wake uko jukwaani. Shahada ya sanaa za maonyesho hutaipata Mtwara mjini wala Lindi. Itakubidi usafiri. Hata hivyo sehemu kubwa ya kazi inafanyika kabla hujapanda basi: kuongea na wazee, kuweka nyaraka sawa, kupanga pesa kwa kufuata misimu ya kwetu, na kukusanya sanaa ya nyumbani kwenye daftari. Hilo la daftari wengi hulipuuza, nami nitalizungumzia kwa kirefu, kwa sababu naamini ndilo linalomtofautisha mwanafunzi wa Kusini na wenzake darasani.

Kwanza, jua unachokwenda kusoma

Wapo wanaodhani miaka mitatu ya shahada hii ni ya kufundishwa kulia mbele ya kamera. Kuigiza kumo, ila ni sehemu tu. Utasoma uongozaji, utunzi wa tamthilia, historia ya sanaa za maonyesho Afrika na kwingineko, nadharia na uhakiki, sauti na mwili wa mwigizaji, maleba, mwanga na usimamizi wa jukwaa. Utaandika insha nyingi na kusoma tamthilia nyingi. Kama unachotaka ni kuigiza tu na vitabu vinakuchosha, afadhali uende Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, ile ambayo wengi wetu tunaiita TaSUBa. Ilianza mwaka 1981 kama Chuo cha Sanaa, na inatoa astashahada na stashahada kwa mafunzo yenye vitendo vingi. Hakuna aibu yoyote kupitia huko, na baadaye nitaeleza kwamba ni mlango pia wa kuingilia chuo kikuu.

Kwa shahada, mahali penye mizizi mirefu zaidi ni Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mlimani, ambako sanaa za maonyesho zilianza kufundishwa mwaka 1967. Leo ziko chini ya Ndaki ya Insia, katika idara inayobeba pia muziki, sanaa za ufundi na filamu. Chuo Kikuu cha Dodoma nacho kimekuwa kikifundisha sanaa za maonyesho pamoja na filamu. Kabla ya kuomba popote, fungua mwongozo wa udahili wa mwaka husika unaotolewa na Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, uone kozi gani inatolewa wapi na kwa masharti gani. Mwongozo huo haulipiwi, uko kwenye tovuti yao. Usitegemee ule wa mwaka jana uliotumiwa na rafiki.

Na kama kuna mtu anakwambia kwamba mambo haya si ya watu wa kwetu, mtajie Ebrahim Hussein. Ni mzaliwa wa pwani hii ya kusini, alisoma hapo hapo Dar es Salaam chuo kikipanda mbegu zake za kwanza za sanaa hizi, akaendelea hadi shahada ya uzamivu Berlin. Tamthilia yake ya Kinjeketile, ya mwaka 1969, inahusu vita vya Maji Maji, vita vilivyowaka Umatumbini, Kilwa, Julai 1905. Kwa hiyo moja ya tamthilia zinazosomwa zaidi kwa Kiswahili imetoka kwenye udongo wetu na imeandikwa na mtu wa kwetu.

Ongea na nyumbani, na mjomba asiachwe

Wazazi wengi wakisikia "sanaa" wanaona uhuni. Usibishane nao kwa hasira. Nenda na mambo wanayoweza kuyashika: kwamba hii ni shahada kama zilizo nyingine, inatambuliwa na TCU, na mwenye nayo anaweza kuomba kazi ya afisa utamaduni katika halmashauri, kufanya kazi redioni au katika miradi ya elimu ya afya, au kufundisha baada ya kuongeza stashahada ya uzamili ya ualimu. Eleza pia kwamba nafasi hizo hazigawiwi getini siku ya mahafali, zinatafutwa. Wazazi huheshimu ukweli kuliko ahadi kubwa.

Kwa Wamakonde, Wamwera, Wayao na Wamakua, mjomba bado ana neno lake. Katika familia nyingi yeye ndiye atakayeombwa kuchangia nauli au kuwa mdhamini wa mkopo. Mfuate mapema, kabla hajasikia habari kwa watu wengine. Mwambie, "Mjomba, nimekuja kukuomba ushauri," na kweli uombe ushauri. Ukimfikia siku ya kuomba pesa tu, utakuwa umemvunjia heshima.

Alama na njia za kuingilia

Kwa aliyemaliza kidato cha sita, sharti la chini la jumla ni ufaulu wa masomo mawili katika ngazi ya "principal", yaani kuanzia A hadi E, yenye jumla ya pointi 4. A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. Kwa hiyo D mbili zinatosha sharti la jumla, na C na E vilevile. Lakini kila kozi inaweza kutaja masomo inayoyataka, ndiyo maana nikasema usome mwongozo mwenyewe. Waliosoma tahasusi za HKL, HGL au HGK, yaani michanganyo ya Historia, Jiografia, Kiswahili na Kiingereza, huwa wako mahali pazuri. Mabadiliko ya mtaala ya hivi karibuni yameleta pia tahasusi za sanaa, na kidato cha nne wa leo aulize kama ipo shule anayoweza kupangiwa yenye sanaa za maonyesho kabla hajajaza chaguo.

Mwenye stashahada anahitaji GPA isiyopungua 3.0, pamoja na ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne. Huu ndio mlango wa TaSUBa niliousema. Aliyekosa pointi kidogo kidato cha sita aulize kuhusu programu ya msingi katika kituo cha Chuo Kikuu Huria. Vipo vituo Mtwara na Lindi, hana haja ya kwenda Dar kuuliza.

Maombi yanapelekwa moja kwa moja kwenye mfumo wa kila chuo. Udahili huenda kwa awamu. Omba awamu ya kwanza. Ukichaguliwa na chuo zaidi ya kimoja, utatumiwa namba ya siri kwenye simu ili uthibitishe kimoja, na muda wa kuthibitisha ni mfupi. Tumia namba ya simu ambayo ni yako na inashika mtandao pale ulipo. Kijana wa Liwale au wa vijiji vya Nanyumbu anayeishi mahali pa mtandao wa kubahatisha aandike namba ya mtu anayemwamini mjini, na wawasiliane kila siku katika wiki hizo.

Nyaraka: hapa ndipo wengi wa Kusini hukwama

Ombi la mkopo kwa Bodi ya Mikopo linahitaji cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo. Watoto wengi wa vijijini walizaliwa nyumbani na hawana cheti. Usisubiri matokeo ya kidato cha sita. Anza kukishughulikia ukiwa kidato cha tano, kwenye ofisi ya msajili wilayani.

Tatizo la pili ni majina. Kwetu kuna wanaobadili jina wakitoka jandoni au unyagoni. Shule ya msingi umeandikishwa kwa jina moja, kidato cha nne kwa jingine, na baba kwenye kitambulisho chake cha NIDA anaitwa kwa namna ya tatu. Mfumo hauelewi mila. Linganisha vyeti vyote herufi kwa herufi. Kama kuna tofauti, mwone wakili au hakimu kwa ajili ya hati ya kiapo, na uulize RITA kama hiyo inatosha au inahitajika hati ya kubadili jina kabisa. Fanya hivyo mapema, maana ikifika Agosti kila mtu yuko kwenye foleni hiyo.

Vingine vya kuweka kwenye bahasha moja: vyeti vya vifo vya wazazi kwa yatima, navyo vihakikiwe, namba ya kaya kama nyumbani mko kwenye mpango wa TASAF wa kusaidia kaya maskini, kitambulisho na picha ya mdhamini. Fomu ya mkopo husainiwa na mdhamini, serikali ya kijiji au mtaa, na hakimu au wakili. Namba ya mtihani ya kidato cha nne utakayoombea chuo iwe hiyo hiyo utakayoombea mkopo. Aliyerudia mtihani ana namba mbili, na akichanganya, ombi la chuo na la mkopo hayatakutana.

Ukiitwa JKT baada ya mitihani, kumbuka dirisha la mkopo hufunguliwa katikati ya mwaka, wakati uko kambini. Waachie nyumbani bahasha iliyokamilika na mtu mmoja anayejua kutumia mfumo.

Kuhusu mkopo wenyewe, nizungumze waziwazi. Bodi hupanga kozi kwa vipaumbele, na sanaa haziko mstari wa mbele. Ufadhili wa Samia ni wa wanaosoma sayansi. Hii haina maana usiombe. Omba, na ukate rufaa ukinyimwa au ukipewa kidogo. Ila usipange maisha yako yote juu ya bumu, yaani pesa ya mkopo ya kujikimu, ambalo hujaliona. Likichelewa, na huchelewa, lazima uwe na cha kula.

Kalenda ya pesa

Hapa Kusini ina bahati ambayo familia nyingi hazijaigundua, ukiitazama kalenda vizuri. Minada ya ufuta huanza katikati ya mwaka, muda ule ule ambao maombi ya vyuo na mikopo yanahitaji ada za fomu, kiapo, picha na nauli za kwenda wilayani. Minada ya korosho huanza Oktoba, na vyuo hufunguliwa kati ya Oktoba na Novemba. Kwa hiyo mahitaji madogo yaende na ufuta, na ada na chakula cha muhula wa kwanza yaende na korosho.

Tatizo liko katikati. Pesa ya ufuta humezwa na palizi na kupuliza mikorosho, na malipo ya korosho kwa mfumo wa stakabadhi ghalani hayaingii siku ya kupeleka mzigo AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima), huingia baada ya mnada na taratibu zake. Mzigo ukikosa mnada wa kwanza, chuo kinaweza kufunguliwa mfukoni mna nauli tu. Kaeni kama familia msimu mmoja kabla, mtenge kwenye benki fedha ya korosho za mwaka uliotangulia inayotosha usajili na mwezi wa kwanza. Uliza chuoni kama ada inaweza kulipwa kwa mafungu. Na kama shamba ni la mjomba au la bibi, lisemwe wazi ni magunia mangapi yametengwa kwa ajili yako, ili Novemba isilete ugomvi.

Daftari la nyumbani

Nunua daftari gumu, kubwa. Kuanzia leo hadi siku unayosafiri, kila ngoma, kila msiba, kila harusi, kila hadithi ya bibi ni somo lako.

Ukienda kwenye sindimba, ngoma ya Wamakonde, usitazame viuno tu. Andika: ngoma zilikuwa ngapi na nani aliongoza; wachezaji waliingilia upande gani; hadhira ilikaa au ilisimama vipi, na ilipewa nafasi gani ya kujibu; wimbo ulianzwa na nani; mchezo ulibadilika lini na kwa ishara gani. Ukiona midimu, ngoma ya vinyago, Newala, Tandahimba au Nanyamba, tazama jinsi mwili wa mchezaji unavyobadilika akiwa nyuma ya kinyago, jinsi anavyoacha kuwa fulani tunayemjua. Walimu wa uigizaji duniani kote wanahangaika kufundisha jambo hilo, na wewe umekua ukiliona uwanjani. Ngongoti, ngoma ya kuchezwa juu ya miti mirefu, nayo ina somo la mizani na hofu ya hadhira: kwa nini watu husogea nyuma, kisha wakarudi mbele?

Rekodi kwa simu ukiruhusiwa, lakini andika pia. Simu inashika sauti na picha. Haishiki sababu. Waulize wazee sababu, na uandike maneno yao kwa lugha yao: Kimakonde, Kimwera, Kiyao, Kimakua, Kimatumbi, Kingindo. Ukiweka tafsiri yake pembeni, umepata tayari data ya utafiti wa mwaka wa tatu.

Tamasha la MaKuYa, lililowakusanya Wamakonde, Wamakua na Wayao pale uwanja wa Nangwanda Sijaona, Mtwara, ni mahali pa kulinganisha. Ngoma ya kijijini ikipandishwa kwenye uwanja wa mpira mbele ya viongozi, kitu gani kinapotea na kipi kinaongezeka? Swali hilo likiwa ndani ya kichwa chako, utakaa vizuri kwenye semina yoyote.

Na sasa onyo, ambalo naomba lichukuliwe kwa uzito. Si kila unachokijua ni cha kupandishwa jukwaani. Mafunzo ya ndani ya unyago na jando yana wenyewe, na kuna nyimbo zinazoimbwa mbele ya waliopita tu. Usizipeleke Mlimani ili upate alama. Waulize makungwi na ngariba kipi kinaruhusiwa kutoka, na wakikataa, heshimu. Msanii anayeuza siri za bibi yake kwa makofi ya usiku mmoja hatakaribishwa tena pale alipozaliwa, na atakuwa amewafungia mlango watakaokuja baada yake.

Mbali na daftari, anza kufanya. Jiunge na kundi la ngoma au kwaya ya shule, shiriki upande wa sanaa wa UMISSETA, mashindano ya shule za sekondari, omba nafasi ya kusoma matangazo au kuigiza mchezo mfupi kwenye redio ya jamii iliyo karibu. Tunga igizo la dakika kumi, liigizwe sokoni au kanisani au kwenye sherehe ya maulidi, na uone watu wanaondoka lini.

Safari na wiki za mwanzo

Mtwara hadi Dar es Salaam ni takriban kilomita 560 kwa barabara. Fika siku mbili tatu kabla ya usajili. Muhula wa pili hukutana na masika, na barabara yetu hiyo ina historia: Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya ziliikata sehemu za Somanga, na wasafiri wakakwama. Ukiwa likizo nyumbani wakati wa mvua, usisubiri basi la siku ya mwisho.

Omba chumba cha hosteli mara tu mfumo unapofunguliwa. Kupanga mtaani huonekana rahisi, ila mazoezi ya jukwaani huisha usiku, na kurudi mbali peke yako ni gharama na hatari, hasa kwa dada zetu.

Darasani: Kiingereza na lafudhi

Masomo mengi hufundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza, hata pale onyesho lenyewe linapokuwa la Kiswahili. Wengi wetu tunatoka kwenye shule ambako Kiingereza kilikuwa somo la ubaoni. Dawa yake ni kusoma tamthilia kwa sauti. Chukua Shakespeare, chukua Soyinka, soma onyesho moja kila jioni ukiwa umesimama, na utafute maana ya maneno baadaye. Unafunza masikio, ulimi na pumzi kwa pamoja, na hiyo ni sehemu ya mazoezi ya sauti pia.

Lafudhi ni jambo lililo moyoni mwangu. Kwenye vichekesho vyetu, lafudhi ya Kimakonde imetumika mno kumchora mtu mjinga. Utakutana na wenzako wanaocheka ukifungua mdomo. Jifunze kutamka kwa usanifu, kwa sababu mwigizaji anatakiwa aweze kusema kama mtu wa Unguja, wa Mwanza au wa Arusha uhusika ukidai. Lakini usiitupe ya kwenu. Ukipewa uhusika wa mtu wa Kusini, mpe akili, hasira, mapenzi na hoja kama binadamu mwingine. Muswada ukimfanya kichekesho tu, ongea na mwongozaji kwa adabu kabla ya mazoezi kuanza, na uje na pendekezo mkononi.

Jambo moja la nidhamu: onyesho ni kazi ya kundi na alama zake hubebana. Kuchelewa mazoezi ni kuwachelewesha watu kumi. Walimu hukumbuka hilo kuliko kipaji.

Mafunzo kwa vitendo: rudi na kazi

Wakati wa mafunzo kwa vitendo wengi hukimbilia vituo vya televisheni vya Dar. Mimi ningekushauri angalau mara moja uje nyumbani na sanaa za maonyesho kwa maendeleo. Walimu wa Dar es Salaam wamelijenga eneo hili tangu mradi wa Malya, mkoani Mwanza, mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakiwamo Amandina Lihamba na Penina Mlama. Mwaka 1996 ukaja mradi wa Tuseme, uliowapa wasichana wa sekondari nafasi ya kutumia maigizo kueleza yanayowakwamisha shuleni.

Utaratibu wake ni huu. Unakaa na wanakijiji na kutafiti tatizo kwa macho yao, mnalichambua pamoja, mnatunga igizo kwa kutumia ngoma na nyimbo zao, mnaonyesha, mnafungua mjadala hapo hapo uwanjani, kisha mnafuatilia kilichoamuliwa. Chukua suala la wasichana wanaoacha shule. Ukifika na igizo lililoandikwa Dar linalowalaumu makungwi, watakusikiliza kwa heshima na kurudi kwao. Ukianza kwa kukaa na makungwi wenyewe, wakatunga wao wimbo wa kumwambia mwali arudi darasani, wimbo huo utaendelea kuimbwa hata baada ya wewe kuondoka.

Kwa maandalizi, andika barua kwa Mkurugenzi wa Halmashauri kupitia kwa afisa utamaduni miezi miwili kabla, ukiambatanisha barua ya chuo. Onana na mtendaji na mwenyekiti wa kijiji ana kwa ana. Epuka Oktoba hadi Desemba, maana watu wako kwenye korosho na hutapata hadhira. Chagua baada ya mavuno, jioni, kwenye uwanja ambao kijiji kimezoea kuchezea ngoma, na uwaulize wazee kama siku hiyo hakuna msiba wala shughuli ya mtu.